Saa Yako Janja Inakuhesabia Kweli? Mwongozo Kamili kwa Mwenye Maumivu Sugu

Siku mbaya ya mgongo wangu huanza kabla sijafumbua macho. Nageuka kitandani kidogo kidogo, nashuka kwa kushikilia ubao, naenda bafuni nikiusalimia ukuta kwa kiganja. Jioni ya siku moja ya namna hiyo saa yangu janja ilisema nimetembea hatua 1,800. Jana yake, siku nzuri, ilikuwa imeandika 4,000. Nikaipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia kama ushahidi wa jinsi nilivyoporomoka. Hakuzitazama tarakimu. Aliniuliza, "Kaka, hiyo siku mbaya ulitembeaje? Hebu nionyeshe." Nikasimama nikamwonyesha: vihatua vya bata, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukutani.

"Sasa," akasema, "mkono uliokaa kiunoni utaihesabia vipi saa hatua za miguu?"

Ningejua hilo mapema ningejiokolea miezi ya kujihukumu kwa takwimu mbovu. Saa hizi hukosea, na kila mtu anajua hukosea. Kisichosemwa ni kwamba kwa mtu anayeumwa kosa lake halibaki palepale: hukua siku unayoumwa na kupungua siku ukiwa nafuu. Kwa hiyo grafu inayoonyesha mabonde na vilima vya maumivu yako inaweza kuwa inaonyesha, kwa sehemu kubwa, mabonde na vilima vya makosa ya saa. Mwongozo huu ni wa kulipima kosa hilo mwilini mwako mwenyewe, kisha kuitumia saa kwa kiasi inachostahili kuaminiwa.

Nazungumza na mwenye maumivu yaliyodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3: mgongo, nyonga, magoti, baridi yabisi, selimundu, mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na kisukari. Vifaa vya kazi ni saa yako, daftari, kalamu, na tasbihi. Ndiyo, tasbihi, utaona kazi yake.

Kwanza, ujue inapima nini

Saa haiyaoni maumivu, wala haiuoni mguu. Ndani yake kuna kihisi cha mwendo kinachosikia mtikisiko wa mkono katika pande tatu, na programu inayotafuta mtikisiko unaojirudia kwa mpangilio wa mtu anayetembea. Mgongoni mwake kuna taa, nyingi za kijani, zinazomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga huo, na kila pigo la moyo likiongeza damu chini ya ngozi, mwanga unaorudi hupungua. Hivyo viwili ndivyo vipimo vya msingi. Kalori, usingizi, "msongo", "nguvu zilizobaki mwilini" na alama nyingine unazoletewa asubuhi ni makisio yaliyojengwa juu ya hivyo viwili, pamoja na umri, urefu na uzito uliojaza siku ya kwanza.

Basi fungua mipangilio uone ulijaza nini. Nimekuta saa ya mama yangu ikimfanya kijana wa kiume mwenye urefu wa sentimita 180, kwa sababu mjukuu aliyemfungulia akaunti alibonyeza "endelea, endelea" mpaka mwisho. Umbali mara nyingi hukokotolewa kwa kuzidisha hatua na urefu wa hatua moja, nao saa huukisia kutokana na kimo chako. Ukikosea kimo, kilomita hizo ni za uongo.

Ivae mahali panapotikisika

Kwa mtu mwenye miguu mizima inatosha kuivaa mkono usio wa kazi, upana wa kidole kimoja juu ya kifundo cha mkono, na kuiambia programu umeivaa mkono gani. Kwetu kuna nyongeza.

Ukitembelea mkongojo, vaa saa mkono ulio huru. Ukitumia fremu ya kutembelea, au magongo mawili, au ukisukuma kigari cha mtoto, mikono yote imefungwa na saa ya mkononi inaweza kukosa sehemu kubwa ya safari. Hapo ihamishie kwenye kifundo cha mguu. Vipimo vingi vilivyofanywa kwa watu wanaotembea polepole vimeonyesha kwamba kifundo cha mguu huhesabu vizuri zaidi kuliko mkono, na sababu iko wazi: mguu hauwezi kupiga hatua bila kusogea. Mkanda wa kawaida mara nyingi haufiki. Mimi nilitumia ukanda wa lastiki wa fundi cherehani. Mapigo ya moyo usiyategemee ikiwa mguuni, na kama una kisukari na ganzi ya miguu, usikaze, uikague ngozi kila jioni.

Simu mfukoni nayo huhesabu, na mfuko wa suruali uko karibu na nyonga, kwa hiyo si mahali pabaya. Ila dera halina mfuko, na simu iliyoachwa kabatini haitembei. Wanawake wengi wanaoambiwa na simu kwamba "leo hukutembea" walikuwa miguuni tangu alfajiri.

Jaribio la hatua 200

Hili ndilo moyo wa mwongozo. Ukifanya hili tu ukaacha mengine yote, umeshapata faida.

Tafuta sehemu tambarare: korido, uwanja wa shule, kipande cha barabara kisicho na bodaboda. Simama wima, tazama saa, andika tarakimu iliyopo. Shika tasbihi kwa mkono usio na saa, kisha tembea kwa mwendo wako wa siku hiyo, si mwendo wa kujionyesha. Kila hatua ya kumi, sogeza punje moja. Punje 20 zikitimia, simama. Subiri dakika moja au zaidi, maana saa nyingi huchelewa kuonyesha hesabu, kisha andika tarakimu mpya. Kama kushika tasbihi kunakubadilisha mwendo, mpe mtu mwingine atembee nyuma yako na kukuhesabia. Kwa nini nisikuambie uhesabu kichwani? Kwa sababu mwenye maumivu hupoteza hesabu pale pale mguu unapochoma.

Rudia mara tatu, ukipumzika katikati, uchukue wastani. Kisha, na hapa ndipo wengi huishia njiani, subiri siku mbaya ifike ulifanye tena. Siku hiyo hatua 50 zinatosha. Jaribio lisikuongezee siku za kitandani.

Matokeo yangu yalikuwa hivi. Siku nzuri, katika hatua 200 saa ilihesabu 159, yaani karibu asilimia 80. Siku mbaya ilihesabu 118, asilimia 59. Sasa rudi kwenye zile tarakimu zangu za mwanzo. Siku nzuri iliyoandikwa 4,000: gawanya kwa 0.795, unapata kama 5,030. Siku mbaya iliyoandikwa 1,800: gawanya kwa 0.59, unapata kama 3,050. Saa ilidai nimeshuka kwa asilimia 55. Hesabu iliyosahihishwa inasema kama 40. Bado nimeshuka, wala sikatai. Lakini kati ya mtu aliyeporomoka zaidi ya nusu na mtu aliyepungua kwa theluthi na kitu, ushauri wa mtaalamu hubadilika, na usingizi wa mgonjwa pia.

Usiichukue hesabu hii kama mizani ya dhahabu. Hakuna anayetembea siku nzima kwa mwendo mmoja. Ni ya kukupa ukubwa wa kosa, si kukupa tarakimu ya kuapia.

Kuna jaribio dogo la pili, la ndani ya nyumba. Programu nyingi husubiri hatua kadhaa mfululizo kabla ya kuamini kwamba kweli unatembea, ili zisihesabu kila unapopunga mkono. Mtu asiyeumwa hapotezi kitu hapo. Wewe ambaye safari zako ni kitanda hadi choo, jiko hadi kiti, unapoteza mno. Tembea hatua 8, simama, kaa kidogo; rudia mara 10. Umetembea 80. Tazama saa imekupa ngapi. Ikikupa 20, usishangae, na usikubali tena kuambiwa na kifaa kwamba ulishinda umelala.

Hatua ambazo hukuzipiga

Upande wa pili wa shilingi. Kaa kwenye mbuzi, ukune nazi moja nzima ukiwa umevaa saa, kisha tazama. Mama yangu alikuna nazi mbili za wali wa Ijumaa akapewa hatua mia na zaidi akiwa amekaa kitako. "Mwanangu," akaniambia, "kumbe hii saa inapenda wali kuliko mimi." Kukanda unga wa chapati, kufua kwa mikono, kupepeta mchele, kupanda daladala kwenye barabara ya mashimo: vyote vinaweza kuzaa hatua hewa.

Chagua kazi tatu unazofanya kila siku ukiwa umekaa. Fanya kila moja kwa dakika 10, andika saa iliongeza nini. Kazi inayozaa hatua nyingi, vua saa unapoifanya, au hamishia mguuni. Mwenye baridi yabisi ya vidole na viwiko aongeze kumbukumbu moja: kufua ni mzigo wa kweli kwa viungo vyake hata kama si hatua. Saa huiita matembezi. Wewe iandike kwenye daftari kwa jina lake.

Mapigo ya moyo

Kaa dakika 5. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya dole gumba kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 60 kamili, linganisha na saa. Fanya hivyo ukiwa umetulia, kisha mara baada ya kutembea. Tofauti ya mapigo matano hivi isikusumbue. Ikizidi, kaza mkanda kidogo, futa jasho na mafuta, sogeza saa juu kidogo kupita mfupa wa kifundo, rudia.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saa 7 kwa watu 60. Sita kati ya hizo zilipima mapigo kwa kosa lisilofika asilimia 5, jambo la kupongezwa. Lakini walikuta pia kwamba kosa liliongezeka kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, kwa wenye miili mikubwa, na wakati wa kutembea. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, hufyonza sehemu ya mwanga wa kijani kabla haujaifikia damu. Sisi wengi wetu tuna melanini ya kutosha na kusaza, kwa hiyo jaribio la vidole si la hiari.

Na kabla hujaogopa tarakimu, tazama sanduku lako la dawa. Amitriptilini, ambayo wengi huandikiwa usiku kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, inaweza kuongeza kasi ya moyo. Propranololi, dawa ya presha na moyo, huipunguza. Saa haijui umemeza nini. Itakuambia una msongo au umepumzika vizuri. Andika tarehe ulipoanza au kubadilishiwa dozi, na usiache dawa yoyote kwa sababu ya grafu.

Kipimo cha oksijeni nitakitaja kwa ajili ya wenye selimundu. Hata vile vipimo vya kubana kidole vya hospitali vina tatizo: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uligundua kwamba vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Saa ya mkononi haiwezi kudai imevizidi. Ukibanwa na kifua au pumzi ikakukatika, nenda hospitali hata saa ikisema oksijeni ni asilimia 98.

Usingizi

Saa hukisia usingizi kutokana na utulivu wa mkono na mwendo wa moyo. Mtu mwenye maumivu hujifunza kulala bila kutikisika, kwa sababu kutikisika kunauma. Unakodoa macho gizani, unasikia adhana ya alfajiri ikikukuta macho, na asubuhi saa inakupongeza kwa saa saba za usingizi. Kosa hili nalo hukua pamoja na maumivu: kadiri unavyoumwa ndivyo unavyolala tuli, na ndivyo saa inavyodhani umelala fofofo.

Kwa usiku 7, weka daftari kitandani. Asubuhi, kabla ya kuitazama saa, andika ulilala saa ngapi kwa kukisia, uliamka mara ngapi, ulikaa macho kwa muda gani. Kisha ndiyo uitazame. Muda wa kupanda kitandani na wa kuamka saa nyingi huupata vizuri. Muda wa kukaa macho katikati ya usiku huukosa. Zile rangi za usingizi mzito na wa ndoto zipuuze kabisa; maabara huzipima kwa nyaya za kichwani, saa inazikisia kutoka mkononi. Watafiti wa Marekani mwaka 2017 walilipa jina la othosomnia lile hangaiko la kutafuta usingizi wa kupendeza saa hadi mtu akose usingizi wenyewe. Kama umefika hapo, vua saa usiku.

Kalori

Zima. Katika jaribio lile lile la Stanford, saa iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea nishati kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho kwa asilimia 93. Na huko ni kwa watu waliotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli kwa utaratibu, si kwa anayechechemea.

Sasa itumie

Ukishajua kosa lako, vaa saa kwa wiki 2 bila kujaribu kuboresha chochote. Hapa wengi hujidanganya. Saa mpya humtia mtu ari ya kwenda sokoni kwa miguu. Ishi kama kawaida. Kila jioni andika mambo matatu tu: hatua, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, na jambo moja kubwa ulilofanya.

Kabla ya hapo, futa lengo la hatua 10,000. Halikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kihesabu-hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na tarakimu ikasambaa duniani kwa utamu wake wa kutamkika. Uchambuzi wa tafiti 15 zenye watu karibu 50,000, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba kwa waliovuka miaka 60 faida ya kupunguza vifo husimama kwenye hatua 6,000 hadi 8,000. Na hayo ni malengo ya afya kwa jumla, si ya mtu ambaye akizidisha leo atalipa kwa siku tatu. Zima pia ule mtetemo wa "simama utembee", isipokuwa umeamua mwenyewe kuutumia kukumbuka kubadili mkao.

Baada ya wiki 2, tazama mfuatano wala si tarakimu moja moja. Mimi niliona jambo ambalo miaka sita ya kuumwa haikunionyesha: kila nilipovuka kama 5,500 ya saa yangu, maumivu hayakupanda siku hiyo. Yalipanda keshokutwa. Ndiyo maana sikuwahi kuunganisha Jumapili ya shamba na Jumanne ya kitanda.

Kutokana na hapo nilijiwekea dari na sakafu. Nilichukua wastani wa siku zote, nzuri na mbaya, nikaanza na asilimia 80 ya wastani huo kama kiwango cha kila siku. Siku nzuri sizidishi, hata mwili ukinibembeleza. Siku mbaya najitahidi kufika angalau nusu, kwa vipande vipande. Kila baada ya wiki 2 zilizopita salama naongeza kama asilimia 10. Kiwango chako kipange na mtaalamu wa fiziotherapia kama unaye, hasa kama umefanyiwa upasuaji. Na hapa ndipo uzuri wa saa yenye makosa unapoonekana: kwa kuwa najilinganisha na mimi mwenyewe, kwa saa ile ile, mkono ule ule, sihitaji iseme kweli tupu. Nahitaji ikosee kwa namna ninayoijua.

Kuna dalili ambazo hazisubiri grafu: ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, kushindwa kuzuia mkojo au choo, mguu kulegea ghafla, homa pamoja na maumivu ya mgongo. Hizo ni za hospitali siku hiyo hiyo.

Kumwonyesha daktari

Usimpe simu aburuze picha. Ana dakika chache na foleni nje. Andika karatasi moja: saa ya aina gani na unaivaa wapi, katika hatua 200 inahesabu ngapi siku nzuri na ngapi siku mbaya, wastani wa wiki 2, na sentensi moja ya ulichogundua, kama ile yangu ya keshokutwa. "Shikamoo daktari, saa yangu hupoteza hatua 40 katika kila 100 nikiwa naumwa" ni maneno yatakayomfanya avute kiti.

Kama hujanunua bado

Ya bei kubwa si lazima. Muulize muuzaji kama unaweza kuijaribu, hata kwa hatua 100 mbele ya duka. Ifunge kwenye taulo lililokunjwa: ikikupa mapigo ya moyo ya taulo, jua kwamba iko tayari kubahatisha ikikosa ngozi nzuri, na kuwa mwangalifu nayo. Ile inayodai kupima sukari bila kuchoma ngozi, iache dukani. Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari kwa njia hiyo yenyewe. Mwenye kisukari akipanga dozi ya insulini kwa tarakimu hizo anachezea roho yake.

Hakikisha chaji inadumu siku kadhaa, maana siku ya kitanda huna hamu ya kutafuta waya. Mkanda uwe wa kufungika kwa mkono mmoja. Vidole vyenye baridi yabisi haviwezani na vile vijipini vidogo.

Na usilitupe lile karatasi la hatua 200. Programu ya saa ikisasishwa, namna ya kuhesabu inaweza kubadilika kimyakimya usiku mmoja. Niliwahi kufurahia wiki nzima ya maendeleo, nikatangazia nyumba nzima, kabla sijagundua kwamba Jumatatu ile saa ilikuwa imejisasisha. Piga mstari mwekundu kwenye daftari tarehe hiyo, chukua tasbihi, urudi koridoni.